Bodi Namba Saba Hadi Kumi

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sanduku limefika jana asubuhi, halina hata kona iliyobonyea. Mwambie mkazamjomba kwamba sweta aliyofungia zile bodi za umeme ulizonichomelea nimeivaa kabla hata sijazihesabu bodi zenyewe, na imenikaa kana kwamba alinipima. Mimi ni mzima, mafua yalikuja yakaondoka. Mama naye hajambo, ni goti tu linamsumbua akipanda ngazi, na bado anakulaumu wewe kaka yake kwa kumpa binti yake koleo siku ambayo angepewa kitana. Nimemwambia amechelewa, jina lenyewe limeshaniganda.

Sasa kazi. Nimezipitisha zote kumi chini ya kioo cha kukuzia na nimebaki mdomo wazi. Unazidi kuwa hodari uzeeni, mjomba. Zile za mwisho hasa: solda imekaa sawasawa kama mshono, kila tone saizi moja. Namba nane nimeitembeza ofisi nzima, nikiwaambia watu hii ni kazi ya mkono, siyo ya mashine, na wanakataa.

Umeniuliza mara mbili kifaa hiki ni cha nini na mara zote nimekujibu juu juu. Ni cha wodi ya watoto njiti. Kinasikiliza pumzi za vitanda vinane kwa wakati mmoja, na mtoto mmoja akiacha kupumua, kinapiga kelele. Ile chipu kubwa nyeusi tuliyoibandika huku kabla ya kukutumia bodi, inaitwa FPGA. Inazaliwa haijui kazi yoyote. Kila ikiwashwa inasomewa kazi yake upya, na anayeandika inachosomewa ni mimi. Kwa hiyo mambo yakienda mrama, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni mimi.

Na yameenda mrama. Bodi ikiwashwa inatakiwa kula nusu ampia hivi. Sita zinakula hivyo hivyo, hazina makuu. Nne zinaanza vizuri, halafu baada ya dakika kumi na kitu mkondo unaanza kupanda polepole, ampia moja, moja na nusu, mbili, kisha kidhibiti umeme kinakata. Kinapumzika, kinajaribu tena, kinakata tena. Nikipima kwa mita bodi ikiwa imezimwa, hakuna shoti popote. Bosi wangu, yule tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu hasalimii mtu bila kutazama kalenda kwanza, anataka kuona kifaa kikifanya kazi wodini mwezi wa nne.

Nadhani ni mchoro wangu. Nipe akili yako.

Koleo


24 Februari

Koleo,

Marahaba. Salamu za mkazamjomba wako zipokee humu humu, amekaa hapa karibu. Tuko salama. Bati la karakana limeanza kuvuja juu ya benchi, nimesogeza benchi badala ya kupanda juu. Mama yako akisema nimekuwa mvivu, mwambie ni kweli. Redio zimepungua, watu siku hizi kitu kikiharibika wanatupa. Mkazamjomba wako ana mapazia ya shule nzima ya kushona, cherehani haipoi.

Sifa zako za solda zimefika. Zimesomwa mara mbili kwa sauti humu ndani, na zimefurahisha kuliko unavyodhani.

Kuhusu mgonjwa wako. Kwanza, usithubutu kuongeza kikomo cha kidhibiti ili kisikate. Kinakata kwa sababu kimeona kitu ambacho wewe hujakiona, na ukikifumba macho kitaungua kitu kingine. Chukua pawa saplai ya mezani, ipe kikomo kidogo cha ampia, panda taratibu, na weka kidole. Kidole ndiyo mita ya kwanza, ya dukani ni ya pili. Kinachokula umeme bure lazima kipate joto. Kama vipande ni vidogo kuliko kidole chako, paka spiriti bodi nzima, utazame ni wapi inakauka kwanza.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, ukageuza kapasita ya bati, kile kikopo chenye mstari upande wa hasi, kwenye redio ya yule mwalimu? Ilipasuka paa, nyuzinyuzi zake zikakujaa nywele, na mkazamjomba wako alikimbilia nje na mkasi mkononi akidhani nyumba inaanguka. Siku ile niliwaimbisha wote wawili, wewe na yeye, mpaka mkanichukia: mstari ni hasi, mstari ni hasi. Yeye bado anauimba mpaka leo akifagia karakana.

Nijibu jambo moja dogo. Hizo nne zinazosumbua ni namba ngapi na ngapi? Nilizipa namba kwa mfuatano wa kazi. Ni kutaka kujua tu.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba na mkazamjomba,

Shikamooni. Mama amekubali fimbo, lakini anaibeba kama mwavuli siku ya jua, haigusi chini. Ameniambia nisikuandikie hilo, ndiyo maana nimeanza nalo.

Nimeona pia mwandiko wako. Miaka yote unaandika kama kuku aliyekanyaga wino, na barua ya juzi herufi zimejipanga kwenye mstari utadhani ni mwalimu wa darasa la kwanza. Umeanza masomo ya watu wazima?

Namba ulizouliza ni saba, nane, tisa na kumi. Usianze kuwaza, nina maelezo. Bodi tupu, kabla hazijawekwa kitu, zilikuja kwa vipande viwili, kimoja cha sita na kimoja cha nne. Kile cha nne lazima kina kasoro ya ndani.

Haya ndiyo niliyofanya. Nimeiwasha namba tisa bila kuisomea chipu kazi yoyote, ikae mbumbumbu. Mkondo ukapanda vile vile, kwa hiyo si maandishi yangu. Nikabadilisha kidhibiti umeme, nikaweka kipya. Ukapanda. Nikapaka spiriti kama ulivyosema, na kweli ilikauka kwanza sehemu moja, kona ya chini karibu na tundu la umeme, pale zilipo zile kapasita sita ndogo za manjano. Nikazitazama. Solda yake ni safi kuliko yote kwenye bodi, na ni wewe uliyeziweka, basi nikashuka chini zaidi. Nafikiri njia mbili za shaba zinakaribiana mno ndani ya bodi, chini ya kona ile, na zikipata joto zinagusana. Nimeomba zipigwe picha ya mionzi. Foleni ni miezi miwili.

Bwana Tarehe ameniuliza aliyechomelea ni nani. Nimemjibu ni fundi mwenye miaka arobaini kwenye kazi hiyo, na kwamba nikianza kutilia shaka mkono wake itabidi nitilie shaka na huu wangu, maana yeye ndiye aliyeutengeneza.

Haya yabaki kati yetu wawili. Usimsomee mkazamjomba, atakosa raha bure. Na unijibu upesi, mjomba, maana nimeanza kukosa usingizi.

Koleo


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sijapata neno lako. Nimepiga simu mara tatu. Zote amepokea mkazamjomba, na mara zote wewe umelala au umetoka kidogo. Wewe wa kutoka kidogo tangu lini? Mama anasema niache kuhangaika, kwamba ukinuna huwa unanyamaza hivyo tangu utotoni, lakini juzi nilimkuta naye ameshika simu anaitazama.

Jumanne iliyopita tulikwenda wodini kuonyesha kifaa. Nilikuwa nimetayarisha namba mbili, ambayo haijawahi kunisumbua. Asubuhi hiyo Bwana Tarehe alipita rafuni mwenyewe, akachukua namba nane, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiitembeza nikijisifu. Nilipofika, ilikuwa tayari mezani, imeunganishwa, na daktari wa watoto ameshakaa. Ningesema pale pale. Nilinyamaza, mjomba. Nilijiambia ni dakika kumi tu, huenda tukamaliza kabla haijapanda.

Kitandani walikuwa wamelaza mwanasesere mwenye mpira wa hewa kifuani. Daktari alimsimamisha pumzi, kifaa kikapiga kelele, watu wakapiga makofi. Akataka kuona tena. Dakika ya kumi na mbili ukatoka moshi, mwembamba, wenye harufu ile ninayoijua tangu nina miaka tisa, na taa zote zikazimika. Daktari alichomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Kwa hiyo mtoto angekuwa kimya, na mashine nayo kimya." Sijui nitaacha lini kuisikia sentensi hiyo.

Nilirudi na namba nane nikaiweka chini ya kioo. Kapasita moja ya manjano imepasuka. Nikazitazama zile tano zilizobaki. Nikachukua saba, tisa na kumi. Kisha nikachukua namba moja nikalinganisha.

Nimeona, mjomba. Sitaandika nilichokiona. Ombi la picha ya mionzi nimelifuta. Nimemwambia Bwana Tarehe kwamba kosa ni la mchoro wangu, na ameandika hivyo. Tarehe thelathini Mei atakaa na wakubwa wake kuamua kama kazi hii inabaki mikononi mwangu.

Kuna swali nilitaka kukuuliza, nimelikata mara mbili. Nauliza hili badala yake: macho yako vipi?

Koleo


14 Mei

Koleo,

Mjomba wako anasema nianze na marahaba. Marahaba. Anayeandika ni mimi, mkazamjomba wako, na ile ya Februari niliandika mimi, na huyo mwalimu wa darasa la kwanza unayemtania ni mimi. Barua zako zote ninazisoma mimi kwa sauti, yeye akisikiliza. Hata ile uliyosema nisisomewe. Nilipofika pale niliendelea tu, sikujua nitaruka vipi.

Sasa anasema niandike hivi, neno kwa neno:

"Ni mimi niliyechomelea zote kumi. Zile za manjano nilizigeuza kwa uzembe wangu. Mwambie bosi wako hivyo, na jina lako lisafishwe."

Nimeandika kama alivyosema. Lakini si kweli, na sifungi bahasha yenye uongo kwa mwandiko wangu. Amekasirika, amegeukia ukutani. Agombe tu, nitaendelea.

Macho yake ni mwaka wa pili sasa. Anaona katikati kama kwenye tundu la bomba, na tundu lenyewe linazidi kubana. Aliniapisha nisikwambie wewe wala dada yake. Bodi zako zilipofika alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Moja hadi sita alichomelea mwenyewe, pua imegusa bodi, na ile ya sita ilimchukua siku nne. Siku iliyofuata alikaa mbele ya namba saba asubuhi nzima bila kugusa kitu. Nikamwambia, nipe hapa. Mimi nimetia uzi kwenye sindano miaka thelathini, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele hakinishindi. Akaniongoza kwa mdomo, kipande baada ya kipande, siku kumi na moja. Hatujawahi kukaa pamoja hivyo tangu tulipooana, na sitasema uongo, nilizifurahia siku zile.

Tulipofika kwenye za manjano akaanza kunieleza, nikamkatiza. Nikamwambia hii naijua, mstari ni hasi, si ulituimbisha mwenyewe? Akacheka sana. Akaniambia jinsi ulivyokuwa na nyuzinyuzi nywelini. Tukacheka wote, na huku nacheka nikaziweka, sita, kisha sita, kisha sita, kisha sita, zote mstari upande wa hasi. Anasema alisikia wimbo tu, maneno hakuyasikia.

Barua yako ya Machi ilipotaja saba hadi kumi, aliweka kijiko chini. Akaniuliza, zile za manjano uliziweka vipi? Nikamwambia. Kisha akaniambia kwamba kwenye hizo ndogo watengenezaji wameweka mstari upande wa chanya, kinyume kabisa na za bati, na kwamba yeye amelijua hilo miaka ishirini. Nikamwambia tumwandikie mtoto leo leo. Akakataa. Hakutaka ujue haoni, na hakutaka ujue ni mimi. Tuligombana, Koleo, na si kidogo. Wiki nzima tulikuwa tunaombana chumvi kama wageni. Na ulipopiga simu nilikudanganya mara tatu, ukitaka kunikasirikia una haki.

Ilipokuja habari ya moshi aliniambia niisome tena pale penye maneno ya daktari. Kisha akasema chukua kalamu.

Niliyeharibu ni mimi. Usimbebe yeye, na usijibebeshe wewe. Kwa daktari wa macho hataki kwenda, ameahirisha mara tatu.

Mkazamjomba wako


1 Juni

Mjomba wangu, mkazamjomba wangu,

Shikamooni. Mama nimemwambia. Alivaa viatu pale pale aje huko, fimbo akaisahau, nikamrudisha mlangoni. Anasema atakuja akipoa hasira, kwa hiyo mna kama wiki tatu.

Na mimi nina hasira, mjomba, nitaitoa kwanza. Miezi mitatu nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa mkononi mwako, na wewe ulilijua tangu Machi. Spiriti ilinionyesha kona yenyewe, nikaangalia pembeni kwa heshima. Kungekuwa na mtoto kwenye kile kitanda, heshima yangu na aibu yako vingemfanyia nini? Nililia nilipoisoma barua ya mkazamjomba, na sikujua ninamlilia nani kati yetu.

Basi. Sasa kosa langu, maana nalo lipo, na si la kukuficheni. Pembeni mwa kapasita ya aina ile, fundi mchoraji anatakiwa kuweka alama ndogo ya kujumlisha, ili anayechomelea ajue upande wa chanya. Kwenye bodi zangu alama hiyo haipo. Nilikuwa nimeiweka, nikaifuta mwenyewe, ilikuwa inabanana na maandishi mengine. Nakumbuka hata nilichojiambia: anayechomelea ni mjomba, wa nini kumwambia? Nilimchorea mtu mmoja tu duniani. Mkazamjomba, ulikaa mbele ya bodi ambayo haikukuambia chochote, ukatumia ulichofundishwa. Ningekuwa wewe ningefanya vile vile.

Juzi kwenye kikao nilisema yote. Macho, wimbo, alama niliyoifuta, na kwamba siku ile wodini nilijua namba nane ni mbovu nikanyamaza. Hilo la mwisho ndilo lililowachoma, na wana haki. Bwana Tarehe hakutazama kalenda hata mara moja. Uamuzi ni huu. Bodi ishirini zinazofuata zitachomelewa kiwandani, kwa mashine. Najua unavyosikia ukisomewa mstari huo, mjomba, na sikuweza kuuzuia. Michoro yangu itapitiwa na mtu mwingine kabla ya kutoka. Na hizi nne zirudi kazini kabla ya mwisho wa mwezi huu, ziwe zimewaka siku tatu mfululizo bila mkondo kupanda, la sivyo kifaa anapewa mwingine amalizie.

Ningeweza kuzitengeneza mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Nazituma kwenu. Zimo kwenye sanduku hili pamoja na kapasita mpya ishirini na nne. Nimechora alama za kujumlisha kwa rangi nyeupe, kubwa kupita kiasi, zimeharibu sura ya bodi na sijali. Namba nane ina kovu jeusi pale palipoungua. Lisafisheni, lakini msilifiche.

Mkazamjomba achomelee. Wewe, mjomba, kazi yako ni kidole. Mita atakusomea yeye. Na sharti langu ni moja: bodi zisirudi kabla hujamwona daktari wa macho. Zikichelewa kwa sababu hiyo, basi anayemalizia kifaa atakuwa mwingine, na utaniona nikiipoteza hii kazi kwa macho uliyobaki nayo.

Koleo


20 Juni

Koleo,

Marahaba. Huu ni mkono wangu. Nimeweka rula juu ya karatasi, nikimaliza mstari naisogeza chini. Mistari ikipandana unisamehe, kuku amekanyaga wino tena. Mkazamjomba wako amekwenda kutundika mapazia yake, hajui naandika.

Nimekwenda kwa daktari. Ni presha ya macho. Kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kitalindwa kwa matone, asubuhi na jioni. Kama ningekwenda mwaka juzi, kingebaki kingi. Nililia kwenye benchi la nje mbele za watu, na mkazamjomba wako akawaambia wanaopita kwamba ni dawa imeniingia vibaya. Mwambie mama yako aje na hasira zake, nitazipokea.

Hao wa kiwanda wapewe. Sitasema siumii. Naumia, tena sana. Miaka arobaini nimeshika kichomeo, na kazi ya mwisho kutoka mkononi mwangu ni namba sita.

Mkazamjomba wako aliziondoa kapasita zote ishirini na nne na kuweka mpya. Safari hii sikumsemesha. Kila moja alijitajia mwenyewe kwa sauti, mstari chanya, kwa wimbo ule ule, na ilipofika zamu ya kovu la namba nane alinyamaza akafanya taratibu. Nimezipapasa. Solda yake ni nzuri kuliko yangu, ulisema kweli toka mwanzo, nilikuwa naona wivu tu kujibu.

Tumeziwasha zote nne pamoja, leo ni siku ya nne, tumeongeza moja juu. Kila saa anasoma mita: nusu, nusu, nusu, nusu kasoro. Haijapanda.

Na mimi nimeweka kidole, kama ulivyonituma. Kila kabla ya chakula na kila baada ya chakula nimepita kona ya chini, sita, sita, sita, sita. Ni za baridi. Pale kwenye namba nane palipoungua pana kishimo kidogo, kidole kinakikuta chenyewe. Hapo nimekaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Napo ni baridi, mwanangu.

Mjomba